Siku Alizokosa Chiriku

Kila siku ya shule, kabla kengele ya saa mbili kasorobo haijalia, kiranja wa darasa la sita alikuwa ameshavuta kiti mbele ya darasa, amefungua daftari la mahudhurio na kujaribu kalamu yake kiganjani kuona kama wino unatoka vizuri. Wenzake walimwita Karani. Jina hilo alipewa na mwalimu wa darasa, siku alipoona mwandiko wake kwa mara ya kwanza. Herufi zilisimama wima kama wanafunzi mstarini, wala hakuna iliyomwegemea mwenzake. Tangu hapo jina likamganda, hata mama yake mzazi wakati mwingine alisahau akamwita Karani kama watu wengine.

Kazi yake ilikuwa kupitisha macho dawati kwa dawati na kuandika. Aliyekuja aliwekewa vema, ambaye hakuja aliwekewa sifuri. Ijumaa mchana daftari lilikwenda kwa mwalimu wa darasa, naye akalitia sahihi. Mwalimu huyo wanafunzi walimpa jina la Saa, kwa sababu hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alifundisha sayansi madarasa manne, na darasa la sita peke yake lilikuwa na watoto sabini, kwa hiyo alifurahi kumpata mtu wa kumpunguzia mzigo.

"Daftari hili likiwa kwako," alimwambia Karani, "ni kama liko kwangu."

Karani aliketi dawati la tatu, upande wa dirishani, pamoja na rafiki yake wa tangu utotoni. Huyo aliitwa Chiriku. Alikuwa msichana kama yeye, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko kilo. Alipokwenda shule alizungumza na fundi baiskeli, akazungumza na muuza mkaa, na hata mbuzi akimkuta njiani hakumpita bila salamu. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizoea kusema kwamba binti yake huyu alizaliwa akiuliza swali, na mkunga hadi leo hajapata jibu.

Lakini Chiriku hakuisha kuugua. Leo sikio linatoa usaha, wiki ijayo kifua kinabana, mwezi haujaisha tumbo linaendesha. Alipewa dawa, akapona, akarudi shule akicheka. Baada ya wiki mbili tatu, mambo yakaanza upya. Watu walikwisha kuzoea. Wengine darasani walinong'ona kwamba ni mvivu anayetafuta visingizio vya kulala, na mvulana mmoja alimwita Kamasi mbele ya watu.

"Mafua yangu yana adabu," Chiriku alimjibu. "Hayaondoki bila kuaga, na yakiondoka yanaahidi kurudi. Wewe hata kuaga hujui."

Darasa zima likaangua kicheko, na mvulana yule hakurudia tena.

Kwa ulimi huo, hakuna aliyeshangaa Chiriku alipochaguliwa kuwa msemaji mkuu wa shule katika mashindano ya mdahalo. Kulikuwa na sharti moja tu. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi atakayekosa shule zaidi ya siku kumi katika mwaka hataiwakilisha shule kwa jambo lolote. Alikuwa amechoshwa na watoro waliotokea siku za michezo tu, wakitaka jezi.

Mwezi wa pili ulipokwisha, Chiriku alikuwa na sifuri tisa.

Asubuhi moja alirudi baada ya kulala nyumbani siku tatu, pamba ikiwa bado sikioni. Alimvuta Karani pembeni, nyuma ya chumba cha vifaa.

"Umeniandika?" aliuliza.

"Bado. Nimeacha nafasi, nilikuwa sijajua utarudi lini."

"Karani, wewe ni ndugu yangu. Nikifika kumi na mbili, mdahalo umekwenda. Mimi kukimbia siwezi, kuruka siwezi, kuimba nikianza watu wanafunga madirisha. Nina mdomo tu. Unataka waninyang'anye hata mdomo?"

"Lakini hukuja."

"Sikuja kwa sababu nilikuwa naumwa, si kwa utoro! Sharti ni la watoro. Mimi siyo mtoro."

Karani aliiangalia pamba ile sikioni, akaona maneno ya mwenzake yana haki ndani yake. Alikaa, akafungua daftari, akaweka vema tatu pale penye nafasi. Kisha akamwahidi Chiriku kwamba hatamwambia mtu. Ijumaa mwalimu Saa alitia sahihi, akamrudishia daftari, akamwambia asante.

Mara ya pili hakungoja kuombwa. Mara ya tano hakufikiri hata kidogo. Chiriku akilala nyumbani na homa, jina lake lilikuwa shuleni, lina vema yake, lina afya tele. Mchana Karani alimpelekea madaftari na kumnakilia masomo yote aliyokosa, na kwa moyo wake wote aliamini kwamba anafanya wema.

Mdahalo wa raundi ya kwanza ulifanyika mwezi wa sita. Chiriku alisimama mbele ya shule tatu, akakohoa mara mbili, akaomba radhi, kisha akazungumza hadi majaji wakasahau kutazama saa. Walishinda. Watoto walimbeba juujuu kutoka ukumbini, naye akawapungia mkono kama kiongozi wa nchi. Siku nne baadaye alikuwa kitandani hospitalini, akipumua kwa shida, mbavu zikionekana kuingia na kutoka.

Ilikuwa nimonia, ya pili kwa mwaka huo.

Jumapili mama yake Chiriku alimchukua Karani waende pamoja kumwona. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na harufu ya sabuni ya kufulia na dawa. Chiriku alikuwa ameanza kupata nafuu. Alikuwa ameshajua jina la kila mtoto mle ndani na sababu iliyomleta.

Daktari wa watoto alifika. Alikuwa mwanamama mfupi, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti, aliyesema taratibu kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Alisikiliza kifua mbele na nyuma, akachungulia masikio, akawasha tochi.

"Fungua mdomo, sema aaa."

"Aaa," alisema Chiriku, kisha akaongeza, "be, che, de."

Daktari alicheka, lakini tochi yake haikuondoka. Alichungulia upande wa kulia, akachungulia wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Mama, huyu amewahi kufanyiwa upasuaji wa koo?"

"Hajawahi kupitiwa na kisu popote, daktari. Kuna nini?"

"Kooni kila mtoto ana tezi mbili, moja huku, nyingine huku. Ndizo zikivimba tunasema ana mafindofindo. Kwa huyu sizioni." Alizima tochi, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Niambie, tangu mwaka huu uanze, ameugua mara ngapi?"

Mama yake Chiriku alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Mara nyingi, daktari. Nyingi sana. Ila kuhesabu... Zahanati moja nilipewa kadi, kwingine nikaandikiwa kwenye daftari, na daftari lile nililifua pamoja na sketi. Mara nyingine tunanunua tu dawa dukani, maana najua ni ileile ya siku zote."

"Nakuelewa. Lakini nitakueleza kwa nini nauliza. Watoto wote huugua. Wanaugua, wanapona, na mwili unajifunza. Nataka kujua kama huyu anaugua kama watoto wengine au mwili wake haujifunzi. Kuna kipimo cha damu, lakini hapa hatuna. Kinafanyika hospitali ya rufaa, na wao wanapokea sampuli chache. Nikiwapelekea karatasi inayosema 'anaugua mara nyingi', wataniuliza mara ngapi, na lini." Akafikiri kidogo. "Shule wana daftari la mahudhurio, siyo? Nitawaandikia barua. Daftari la shule halisahau."

Karani alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alihisi joto likimpanda masikioni. Chiriku alimtazama, na daktari alipokwenda kitanda cha pili, alimvuta mkono akamnong'oneza.

"Usithubutu kusema. Raundi ya pili ni mwezi ujao. Uliniahidi."

Barua ilifika shuleni Jumanne. Mwalimu Saa aliingia nayo darasani wakati wa mapumziko, akamkuta Karani peke yake.

"Kuna kazi yako hapa. Daktari anataka siku zote ambazo mwenzako hakuja tangu mwezi wa kwanza. Hesabu vizuri, uandike kwenye karatasi, mwalimu mkuu atajibu leo hii."

Karani alifungua daftari. Sifuri zilikuwa tisa, zote za mwezi wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo zilifuatana vema tupu, safi, zimenyooka, wiki baada ya wiki. Mwandiko wake mzuri ulikuwa unamtazama. Mtu yeyote angesoma ukurasa ule angesema: mtoto huyu aliugua kidogo mwanzoni mwa mwaka, kisha akapona kabisa.

Aliandika 9 kwenye karatasi. Akaitazama. Alimkumbuka Chiriku mbavu zikiingia na kutoka, na yule daktari akigeuza tochi kulia na kushoto, akitafuta. Anatafuta, naye ndiye aliyekificha kitu chenyewe.

Akaichana karatasi. Alikwenda ofisi ya walimu, akasimama mlangoni mpaka mwalimu Saa alipoinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha.

"Umeshamaliza? Ngapi?"

"Mwalimu, daftari linasema tisa."

"Basi ni tisa."

"Siyo tisa, mwalimu. Daftari linasema uongo. Mimi ndiye niliyelidanganya."

Mwalimu aliiweka kalamu chini. Karani alieleza yote, tangu ile pamba ya sikioni hadi mdahalo. Alilia, lakini hakuacha kueleza, kwa maana aliogopa akiacha hataweza kuanza tena. Alipomaliza, mwalimu alilivuta daftari karibu akalifungua.

"Hizi sahihi za kila Ijumaa ni za nani?"

"Zako, mwalimu."

"Nilikuwa naona nafasi yake dawatini tupu," alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe. "Nikidhani ametumwa ofisini. Ningegeuza ukurasa mmoja tu, ningejua. Haya, twende kwa mwalimu mkuu. Tunakwenda wawili, kwa kuwa kosa hili lina wenyewe wawili."

Mwalimu mkuu alikuwa mama mwenye sauti nzito, na siku hiyo hakuipunguza. Alimwambia Karani kwamba kuanzia saa hiyo hatagusa tena daftari la mahudhurio. Alimwambia mwalimu Saa maneno mengine, lakini kabla ya hayo alimtoa Karani nje. Walipomwita tena ndani, alikuwa ameshika barua ya daktari mkononi.

"Kukemea hakumponyi mtoto," alisema. "Daktari anangoja. Nimjibu nini? Nibahatishe? Nani anakumbuka tarehe za miezi mitatu?"

Hapo kichwani mwa Karani likapita wazo.

"Mwalimu, tarehe zipo. Kila siku ambayo hakuja, mimi ndiye niliyemnakilia masomo kwenye madaftari yake. Kila somo lina tarehe juu. Penye mwandiko wangu, hakuwepo."

Mwalimu mkuu aliiweka barua mezani. "Basi kazi hiyo ni yako," alisema. "Na safari hii mtu atakusimamia."

Jioni ileile, jua likiwa bado halijashuka, Karani na mwalimu Saa walikuwa chumba cha cherehani cha mama yake Chiriku. Kabla ya kufungua daftari hata moja, Karani alimweleza mama huyo alichokifanya. Mama alisimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Kisha akaondoa vitambaa vyote mezani, akapangusa chaki kwa kiganja.

"Leta madaftari," alisema. "Mengine tutasema baadaye."

Waliyatandaza yote: hisabati, sayansi, lugha, jiografia. Haikuwa vigumu kutofautisha. Mwandiko wa Chiriku ulikimbizana kama vifaranga walioona mwewe, na wa Karani ulisimama wima. Karani alisoma tarehe, mwalimu akaandika, na mama, kila aliposikia tarehe, alikunja uso akitafuta kumbukumbu.

"Tarehe kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita mwezi wa tatu," Karani alisoma. "Sehemu za ua."

"Hiyo ni wiki ya sare za kwaya," mama alisema. "Nilikuwa nashona huku nimempakata. Sikio la kushoto. Lilitoa usaha hadi mto ukalowa."

"Tarehe mbili hadi sita mwezi wa nne."

"Kifua. Ndiyo nimonia ya kwanza, tulilazwa siku mbili."

Kazi iliwachukua siku hiyo na siku ya pili yake. Ilipokwisha, walikuwa na karatasi moja yenye mistari, upande mmoja tarehe, upande wa pili ugonjwa. Zilikuwa siku thelathini na nne. Masikio mara tano, kifua mara nne, tumbo mara tatu, macho mara mbili. Mama aliishika karatasi ile kwa mikono miwili.

"Nilikuwa naishi ndani yake," alisema kwa sauti ya chini, "lakini sikuwahi kuiona yote kwa pamoja."

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Chiriku. Mwalimu mkuu alimwondoa kwenye kikosi cha mdahalo, na Karani alipokwenda wodini kumweleza kwa kinywa chake, Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Kunyamaza kwa Chiriku kulimtisha Karani kuliko homa zote alizowahi kumwona nazo. Alikaa nusu saa kwenye kiti, akaacha machungwa mawili juu ya kabati, akaondoka.

Shule ilikwenda raundi ya pili bila msemaji wake. Walishindwa kwa alama mbili.

Majibu ya kipimo yalirudi baada ya wiki tatu. Mama yake Chiriku alipoitwa kwa daktari alimpitia na Karani. "Twende," alisema, "wewe ndiye katibu wa ugonjwa huu." Chiriku alikuwa mbele yao, amepona nimonia lakini bado amenuna.

Daktari aliweka karatasi mbili mezani: ya hospitali ya rufaa na ile ya mistari.

"Mwanao ana ugonjwa ambao ni nadra sana," alisema. "Mimi mwenyewe nimewahi kuuona mara moja tu. Mwili wake hautengenezi kingamwili."

"Kingamwili ndiyo nini, daktari? Nieleze kama mshonaji, mimi si mtu wa vitabu."

"Vizuri, kama mshonaji. Kabla hujakata kitambaa unafanya nini?"

"Napiga chaki."

"Ili mkasi ujue pa kupita. Basi kwenye damu kuna chembe nyeupe, kazi yake ni kula vijidudu vya maradhi. Lakini zinahitaji alama. Kingamwili ndizo zinazokibandika kijidudu alama: huyu hapa, mleni. Na kijidudu kikirudi mwaka ujao, zinakikumbuka. Kwa Chiriku alama hizo hazipo."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo mwanangu ana mkasi, hana chaki."

"Hujakosea hata neno moja."

"Ataambukiza wenzake?" aliuliza Karani, akajistukia kwa kuuliza mbele ya wakubwa.

"Hata kidogo. Amezaliwa hivyo. Wenzake ndio wanaoweza kumwambukiza yeye mafua yao na kikohozi chao."

Chiriku alisahau kwamba amenuna. "Sasa nitatengenezewa chaki wapi?"

"Tutaiazima," daktari alisema. "Watu wazima wenye afya hutoa damu. Sehemu yake ya majimaji husafishwa, kingamwili zikatolewa. Dawa ya chupa moja imetoka kwa watu zaidi ya elfu. Utawekewa kwa dripu mara moja kila wiki nne, hospitali ya rufaa, na utaendelea hivyo maisha yako yote. Si kuponya, ni kukuazima kinga."

"Watu elfu?" macho ya Chiriku yalitoka. "Kumbe ndani yangu kutakuwa na mkutano wa hadhara!"

Mama alicheka huku anafuta machozi. Daktari naye alicheka, kisha akagonga ile karatasi ya mistari kwa kidole.

"Hii ndiyo iliyofungua mlango. Ingekuja barua inayosema siku tisa, huenda ningemrudisha nyumbani na dawa ya kikohozi, tukangoja nimonia ya tatu. Na mapafu yakiharibika, hayashonwi."

Chiriku alichezea kifungo cha blauzi yake. Walipotoka nje, katika kibaraza cha hospitali, alitembea hatua kadhaa kisha akasimama.

"Bado nina hasira ya mdahalo," alisema.

"Najua," alijibu Karani.

"Kidogo tu. Itaisha Alhamisi." Akamshika mkono. "Na yale machungwa uliyoniletea, moja lilikuwa bovu. Nilikuwa nataka kukuambia tangu siku ile, ila nilikuwa nimenuna."

Wakacheka, na Chiriku akaanza kusema, na hakunyamaza hadi nyumbani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, ingawa si kila kitu kilirudi mahali pake. Sikio la kushoto la Chiriku lilikuwa limeharibika, na daktari alisema halitasikia vizuri tena, kwa hiyo Karani alihamia upande wa kulia wa dawati. Lakini nimonia haikurudi. Mashavu yalijaa. Kila baada ya wiki nne alikwenda kwenye dripu yake, akarudi na hadithi za wagonjwa wote aliokutana nao. Mwalimu Saa alilieleza darasa jambo hilo waziwazi, kwa ruhusa ya mama. Tangu hapo mwenye mafua alikaa nyuma kwa hiari, na ndoo yenye bomba na sabuni iliwekwa mlangoni pa darasa. Yule mvulana aliyemwita Kamasi ndiye aliyejitolea kuijaza maji.

Daftari la mahudhurio sasa mwalimu aliliandika mwenyewe, kila asubuhi, akitazama kila uso. Mwalimu mkuu aliongeza alama mpya: sifuri ni kwa mtoro, na herufi M ni kwa mgonjwa. Wenye M hawakunyimwa chochote. Pakiwa na M nyingi, mzazi aliitwa, si kwa kukaripiwa bali kwa kushauriwa aende hospitali.

Jumamosi moja, karibu na kufunga shule, Karani na Chiriku walikuwa chumba cha cherehani wakimsaidia mama kutoa nyuzi kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Mwalimu Saa aliingia. Alikuwa anaoa mwezi ujao, alitaka suti. Mama alimzungushia futi kiunoni, akasita.

"Mwalimu, achia tumbo."

"Nimeachia."

"Hujaachia. Naona uso wako unabadilika rangi."

Wasichana waliibana midomo. Mama aliishusha futi, akaweka mikono kiunoni.

"Miaka ishirini napima watu," alisema, "na kila mmoja ananidanganya kwa tumbo. Anavuta pumzi, ananipa kiuno cha mtu mwingine. Nikishona kwa kiuno hicho, siku ya sherehe kifungo kinaruka mbele ya wageni. Futi haina ugomvi na mtu. Inataka tu kujua ulivyo, ili nguo ikukae." Akawageukia wasichana, na sauti yake ikapungua ukali. "Ninyi wawili mlivuta pumzi miezi mitatu. Wewe, Karani, ulifanya kwa mapenzi, najua, na sina kinyongo nawe hata chembe. Lakini mapenzi yanayomficha mgonjwa hayamlei mgonjwa, yanaulea ugonjwa. Ukimpenda mtu, mtaje kwa kipimo chake cha kweli, hata kama kinaumiza, ili anayeweza kumsaidia ajue pa kuanzia. Na ukiona umekosea, sema mapema kama ulivyosema, maana mshono unafumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa, kimekatwa."

Karani aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mama."

"Nimesikia na mimi," alisema Chiriku, "kwa hili sikio la kulia."

Mwalimu Saa alitoa pumzi kwa mkupuo, tumbo likashuka mahali pake. Mama akazungusha futi upya, akasoma.

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili!" alisema mwalimu, akakuna kichwa, kisha akacheka mwenyewe. "Haya, Karani. Andika hivyo hivyo."

Karani akachukua kalamu, akaandika.